Tahadhari kwa Anayetaka Kuhakiki Mieleka ya Kijapani

Umeamua mwenyewe, hakuna aliyekutuma. Umeona kipande cha video kwenye simu: binti anaingia ulingoni huku akiimba kwa kipaza sauti, anapunga mkono kwa madaha, kisha kengele ikilia anamgonga mwenzake kwa kichwa mpaka mlio unasikika. Huyo ni Maki Itoh wa Tokyo Joshi Pro-Wrestling, mwimbaji aliyetimuliwa kwenye kundi lake la muziki akaona kichwa chake kigumu kinaweza kumlisha. Ukasema moyoni: mambo haya yanahitaji mtu wa kuyahakiki kwa Kiswahili, na mtu huyo ni mimi. Vema. Maelezo haya hayatakuzuia, maana aliyekwisha kunasa hazuiliki. Yatakupunguzia aibu tu.

Kwanza malizana na swali ambalo shemeji yako atauliza kila akikukuta umekodolea macho simu: si maigizo hayo? Ndiyo, mshindi hupangwa kabla. Mwambie hivyo, apewe chai yake, maisha yaendelee. Mhakiki anayetumia aya tatu za mwanzo kuapa kwamba na yeye anajua habakiwi na nafasi ya kueleza kilichotokea.

Habari njema ni moja, nayo ni saa. Japani iko mbele ya Dar es Salaam na Nairobi kwa saa sita kamili, na sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Kwa hiyo saa iliyoandikwa kwenye tangazo la Tokyo na saa yetu ya Kiswahili hutaja nambari ileile. Onyesho likitangazwa kuanza 6:30 jioni kwao, wewe washa simu saa sita na nusu mchana. Wakisema 12:30 mchana, kwako ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, vitumbua bado viko kwenye moto. Hakuna shabiki wa Ulaya wala Marekani aliyejaliwa urahisi huu. Wao huamka usiku wa manane kupiga hesabu. Walioko Bujumbura na Kigali watoe saa moja.

Urahisi umeishia hapo.

Umekulia kwenye vibanda umiza, kwenye mieleka ya Marekani, ambako kampuni moja kubwa inatamba na nyingine zinaifukuzia kwa nyuma. Japani, kwa wanawake peke yao, utakutana na Stardom, Marigold, Tokyo Joshi, Sendai Girls, Ice Ribbon, WAVE, OZ Academy, Marvelous, Diana na Pure-J, na hapo hujagusa kampuni ndogo za wanaume. Wengine hawana kampuni kabisa: leo wako huku, kesho kule, begi la magurudumu mkononi. Na kampuni hizi aghalabu huzaliwa kwa ugomvi. Rossy Ogawa, mzee wa biashara hii tangu enzi za Zenjo, kampuni kongwe ya wanawake iliyoanza 1968 na kufungwa 2005, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Stardom, iliyofanya onyesho lake la kwanza Januari 2011. Mwaka 2019 Bushiroad, wauzaji wa karata za kuchezea, wakainunua. Februari 2024 Ogawa akasitishiwa mkataba, kampuni ikimtuhumu kuwavuta wanamieleka wamfuate. Mei 20 mwaka huohuo Marigold yake ikafungua pazia, na sura kadhaa za ulingoni zilikuwa zilezile ulizozizoea. Julai wakakodi Ryogoku Kokugikan, nyumba ya sumo: Sareee akamshinda Giulia na kuwa bingwa wa kwanza wa dunia wa kampuni hiyo, na Iyo Sky, huyuhuyu unayemwona WWE, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa siku moja kupambana na Utami Hayashishita.

Ndiyo maana nakuonya: usithubutu kuandika "wawili hawa wamekutana kwa mara ya kwanza." Yuko mtu Osaka mwenye kabati lililojaa programu za karatasi, na atakupa tarehe, ukumbi, na aliyekuwa mwamuzi.

Sasa siri ya kazi. Katika pambano la wawili kwa wawili, tafuta nani ana muda mfupi zaidi kazini. Huyo ndiye atakayebanwa mabega. Si kila mara, lakini ukiweka dau la soda utakunywa bure hadi Krismasi. Chipukizi wa kike Japani huanza na silaha chache: kiwiko, teke la kuruka kwa miguu miwili, na kumnyanyua mpinzani akambwaga. Atazirudia hizohizo miezi na miezi. Anapigwa, anainuka, anapigwa tena, na nje ya pambano kazi yake ni kufagia ulingo na kubeba mizigo ya wakubwa. Siku anayoshinda kwa mara ya kwanza, wanaume wazima waliotoka ofisini na tai zao hufuta machozi bila kujificha.

Mhakiki mgeni huandika: "Dada huyu hana mbinu." Hana kwa sababu bado hajaruhusiwa kuwa nazo. Mtazame vizuri anapobadilishana viwiko na mkubwa wake. Anapiga, mkubwa hasogei hata inchi. Anapiga tena, mkubwa anageuka kuwaangalia mashabiki, kama vile kuuliza nani kaleta mtoto huyu. Anapiga cha tatu, cha nne, cha tano, sasa analia kwa hasira kila anapopiga, na ukumbi unampigia makofi ya mdundo. Kiwiko cha nane kinamrudisha mkubwa hatua moja. Ukumbi unalipuka kwa hatua hiyo moja. Kisha mkubwa anarudisha kimoja tu, na binti yuko chini anatazama taa. Ukiandika "bingwa alishinda kirahisi", umelala macho wazi. Msimamo wangu, na unaruhusiwa kubisha, ni kwamba mieleka hii huhakikiwa kwa kumtazama anayeshindwa: alichelewesha vipi kushindwa, bega lake la mwisho liliinuka kwa hasira au kwa mazoea, alitokaje kwenda chumba cha kubadilishia nguo, kwa kubebwa au kwa miguu yake. Mshindi ana mkanda, hana shida ya kuandikwa.

Tuje kwenye kumbi, maana hapo ndipo wengi huumbuka. Korakuen Hall iko ghorofa ya tano ya jengo lililo jirani na Tokyo Dome, imekuwepo tangu 1962, na haichukui zaidi ya watu 2,000 hivi. Ukisikia mtu anauita ukumbi mdogo, jua hajaelewa. Kwa kampuni nyingi za wanawake, kuujaza ndiyo kilele cha mwaka. Hapo utakutana na riboni za karatasi. Mtangazaji akitaja jina la mwanamieleka, mashabiki hurusha riboni za rangi yake kutoka pande zote mpaka binti anazama ndani yake. Mashabiki waliokomaa hutoa kwanza kile kigogo cha katikati, kisije kikamtoa mtu jicho, na hushika ncha moja ili karatasi ijifungue yenyewe hewani. Chipukizi walio pembeni huzoa furushi zima kwa sekunde chache, kengele inalia, ulingo msafi. Mtu wa taarabu ataelewa upesi kuliko wahakiki wote wa Marekani: ni kutunza, ila noti hazihusiki. Basi hesabu riboni kabla ya kuhesabu mbinu. Zitakuambia nani anapendwa, na mara nyingi siye mwenye mkanda.

Ukitoka Korakuen, shuka ngazi moja kwa ukubwa hadi Shin-Kiba 1st Ring, upande wa ghuba, kwenye mitaa ya maghala ya mbao. Viti ni kama 300. Hapo kofi la kifuani halisikiki kama kofi la runingani; linasikika kama lilivyo, na anayepigwa husikika akivuta pumzi baada yake. Stardom ile inayokodi Yokohama Arena leo ilianzia humu.

Shuka tena na utafika Ichigaya. Emi Sakura, mwalimu aliyewafunza wasichana wengi kuliko tunavyoweza kuwataja, akiwemo Riho aliyepanda ulingoni akiwa bado mtoto wa shule ya msingi na mwaka 2019 akawa bingwa wa kwanza wa wanawake wa AEW ya Marekani, anaendesha mieleka yake humo kwenye chumba. Chumba hasa. Sakafuni mikeka ya mazoezi, ukutani watazamaji wamekunja miguu, na madirisha ya kusukuma upande. Hakuna kamba, hakuna nguzo. Anayetaka kuruka kutoka juu hupanda kizingiti cha dirisha, na dirisha likifunguliwa, mara nyingine kuna watu wengine wamesimama nje wanaangalia ndani. Machi 2020, korona ilipoanza kuzuia maonyesho, Sakura aliondoa watazamaji, akaweka kamera, akaiita ChocoPro na kuirusha bure YouTube. Kampuni kubwa zikihangaika na kumbi tupu, yeye alikuwa na chumba ambacho hakikuhitaji kujaa. Angalizo kwa kalamu yako: usiandike "alimtupa nje ya ulingo." Ulingo haupo. Ukiandika hivyo, itajulikana kwamba hukutazama.

Halafu kuna DDT, ndugu wa kiume wa Tokyo Joshi, ambako heshima yako ya mhakiki huenda kufia. DDT ilianza 1997, na tangu 2000 ina mkanda uitwao Ironman Heavymetalweight ambao hugombewa wakati wowote, mahali popote, na yeyote au chochote, mradi awepo mwamuzi wa kuhesabu hadi tatu. Umebadilisha mikono zaidi ya mara 1,000. Nasema mikono kwa mazoea tu, maana miongoni mwa mabingwa iko ngazi ya kupandia. Yuko pia Yoshihiko, mdoli wa kujazwa upepo, mwenye mapambano kadhaa mazuri kuliko ya watu wenye mifupa. Usicheke haraka. Mtu anayepigana na mdoli lazima ajirushe mwenyewe, ajinyonge mwenyewe, aanguke kwa shingo yake kana kwamba katupwa na mtu wa kilo tisini, na wewe mtazamaji uamini kwa dakika kumi na tano. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kumpiga bingwa. Mwaka 2017 mmoja wa waanzilishi wa DDT, Sanshiro Takagi, alikodi Tokyo Dome, uwanja wa makumi ya maelfu, akapigana humo na mwanamieleka Minoru Suzuki bila mtazamaji hata mmoja vitini. Jaribu kuandika kwamba "mahudhurio yalikuwa hafifu."

Nyota nazo ni ugonjwa. Mmarekani Dave Meltzer, mwandishi wa jarida la Wrestling Observer tangu miaka ya 1980, huyapa mapambano nyota hadi tano, na akifurahi sana huvuka. Manami Toyota alizoa nyota tano tele miaka ya 1990, na wengi wetu tusingelijua jina lake bila hizo nyota, hilo nalikubali. Tatizo ni robo. Mwanafunzi wa Meltzer huanza na nyota nzima, akahamia nusu, na kabla ya mwaka kwisha anabishana usiku kucha kama pambano la chipukizi wawili ni mbili na robo au mbili na nusu. Huyo hatazami tena; anapima uzito wa ndizi sokoni. Tena kipimo chenyewe hupendelea urefu, na kampuni zimeligundua hilo. Dakika thelathini za watu waliochoka huitwa kazi kubwa, ilhali dakika saba za Chihiro Hashimoto wa Sendai akimbeba mtu mzima na kumpinda nyuma mpaka mabega yagonge sakafu hukosa pa kuandikwa.

Kuhusu mapambano ya kufa na kupona nitasema machache, kwa kuwa wanaoyapenda hawahitaji mwongozo na wanaoyachukia wameshafunga macho. Big Japan ilianza 1995 na FREEDOMS 2009. Humo watu kama Jun Kasai hupigana kwa taa ndefu za mirija zinazopasuka kwa mlio mkubwa na moshi mweupe, kisha kila mtu anaviringika kwenye vigae vya glasi. Wanawake wamo pia: Megumi Kudo na Combat Toyoda walipigana Mei 1996 kwenye uwanja wa Kawasaki, badala ya kamba kukiwa na seng'enge zilizotegwa baruti, na miaka ya karibuni kundi la Prominence limeendeleza balaa hilo. Kosa la mhakiki mgeni ni kuhesabu damu. Damu hutoka kwa mjinga na kwa fundi sawasawa; tazama nani anajua kusubiri kabla ya mrija wa kwanza kuvunjwa. Ila mchezo huu una adui asiyetarajiwa. Chini ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliobeba jina la mji wa Japani uliosumishwa na zebaki, nchi zimekubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa hizo ifikapo mwisho wa 2027. Taa za LED hazipasuki kwa raha ileile. Wanaoishi kwa kuvunja taa sasa wana jambo la kuzungumza na wanamazingira.

Mtego mkubwa kuliko yote ni kustaafu. Zamani Zenjo ilikuwa na sheria: wasichana hawanywi pombe, hawavuti sigara, hawana wanaume, na wakifika miaka 25 hivi waende nyumbani. Chigusa Nagayo, aliyewaliza maelfu ya wasichana wa shule mwaka 1985 aliponyolewa kichwa ulingoni Osaka baada ya kushindwa na Dump Matsumoto, alistaafu 1989, akarudi 1993, kisha akaanzisha kampuni yake. Atsushi Onita upande wa wanaume amestaafu mara nyingi hata neno lenyewe limechoka naye. Kwa hiyo mhakiki mwenye akili hujifunza kutoamini machozi ya kuaga. Ndipo ikaja Aprili 2025.

Tam Nakano wa Stardom alikuwa amesimamia mradi wa kampuni wa kutafuta waimbaji, na kupitia mlango huo akaingia Saya Kamitani, mwembamba, mrefu, bingwa wa kuruka. Julai 2024 Kamitani akawasaliti wenzake na kuhamia kambi ya waovu, akavaa nyeusi. Desemba 29 akamnyang'anya Nakano mkanda mwekundu, ubingwa mkuu wa Stardom. Machi wakakutana tena kwa sharti kwamba anayeshindwa anaondoka Stardom: Nakano akashindwa. Aprili 27, Yokohama Arena, sharti likawa moja zito kuliko yote, anayeshindwa anastaafu. Nakano akashindwa tena. Mara tatu ndani ya miezi minne, mbele ya mtu yuleyule ambaye yeye mwenyewe alimfungulia mlango. Unaweza kuandika kurasa kumi kuhusu ubora wa Kamitani, na atastahili. Lakini jiulize ni nani aliyebeba miezi ile minne mabegani, na mabega hayo yalikuwa wapi kila mwamuzi alipofika tatu. Siku mbili baadaye, ukumbini Korakuen, Meiko Satomura, aliyeanza akiwa na miaka 15 mwaka 1995 na kuijenga Sendai Girls kaskazini mbali na Tokyo, alistaafu akiwa na miaka 45, ishirini zaidi ya zile ambazo Zenjo ingemruhusu. Wiki moja, kustaafu kuwili, na hakuna kinachofanana zaidi ya riboni.

Tahadhari inayofuata haina utani. Hana Kimura, mwanamieleka wa Stardom mwenye nywele za waridi, alicheza kwenye kipindi cha runinga cha Terrace House. Alipoonekana akimfokea mwenzake kwa sababu vazi lake la ulingoni limeharibika kwenye mashine ya kufulia, watu wasiomjua walimmiminia matusi mtandaoni kwa wiki nyingi. Alifariki Mei 23, 2020, akiwa na miaka 22. Wawili waliomtukana walitozwa faini ya yeni 9,000 kila mmoja, kwa kuwa sheria ya wakati ule haikuwa na meno makali. Mwaka 2022 bunge la Japani lilipandisha adhabu ya kumtukana mtu hadharani hadi kifungo cha mwaka mmoja au faini ya yeni 300,000. Mama yake, Kyoko Kimura, naye mwanamieleka mstaafu, ameandaa maonyesho ya kumkumbuka. Mwovu wa ulingoni huzomewa ulingoni, kwa sauti, kengele ikiwa imelia. Hiyo ni sehemu ya mshahara wake. Andika kwamba kiwiko kilikosa shabaha, kwamba mwisho ulipangwa vibaya, kwamba dakika kumi za katikati zilikuwa za kusinzia. Sura yake, uzito wake na akili yake si pambano.

Mwisho, ukibahatika kufika huko mwenyewe, utaikuta meza. Onyesho likiisha, au hata katikati yake, wanamieleka hukaa nyuma ya meza ukumbini wakiuza fulana, picha zenye saini, na picha ya papo hapo utakayopigwa naye bega kwa bega. Yule uliyemwona akibwagwa kwa shingo dakika ishirini zilizopita sasa ana taulo begani na kalamu mkononi, na barafu imefungwa kwenye goti. Kwa kampuni ndogo, meza hiyo inaweza kumpa kipato cha maana kuliko pambano lenyewe. Atakuuliza umetoka wapi. Ukisema Tanzania au Kenya atashangaa kwa heshima, kisha atakuuliza umeonaje mechi yake. Hapo hakuna robo nyota itakayokusaidia. Nunua picha, simama wima, usimguse mpaka yeye aanze, na uwe na noti za yeni elfu moja moja, kwa sababu foleni nyuma yako ni ndefu na hakuna wa kuvunja noti ya elfu kumi.